Vyeti 73 kwenye kabati la shule

Nilipokabidhiwa ofisi ya ushauri nasaha katika shule moja ya kutwa hapa Nakuru, nilikuta kabati la chuma ambalo mlango wake haufungi mpaka uupige teke. Chini kabisa, nyuma ya vikombe vya michezo, mlikuwa na bahasha za kaki. Ndani yake vyeti vya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, vimefungwa kwa mipira ile ya kufungia noti. Mipira ilikuwa imeyeyuka kwa joto la mabati na kugandia karatasi, hata cheti cha juu nilipokibandua alama nyeusi ilibaki juu ya jina la mtoto. Nikaketi sakafuni nikahesabu. Vilikuwa 73. Cha zamani kuliko vyote kilikuwa cha 2009.

Karani alicheka. "Hao walishaendelea na maisha yao, mwalimu."

Nilinunua daftari la kurasa 200, nikaandika majina yote, nikaanza kupiga simu kwa namba za wazazi zilizokuwa kwenye mafaili. Nyingi zilikuwa zimekufa. Wachache niliowapata walinifundisha kazi hii kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria, na yale niliyoyasikia kwao ndiyo ninayotaka kuwaambia walimu wenzangu wa shule za umma, na wazazi pia.

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Wengi hawakuchukua vyeti kwa sababu walibakisha karo, wakaambiwa wasirudi bila pesa. Sheria hairuhusu shule kuzuia cheti cha mtihani kwa ajili ya karo, lakini mama wa Kaptembwo anayefulia watu nguo atajulia wapi? Mmoja aliniuliza mara mbili kama ule ni mtego. Alikuja siku ya tatu, Jumatano, amevaa nguo zake za kanisani, na kwenye pindo la leso amefunga noti ya elfu moja endapo tungegeuka. Mwanawe alikuwa amepata C-. Kwa C- mtu anaingia kusomea stashahada. Kijana alikuwa na mwaka wa sita kwenye mjengo, anapandisha mchanga kwa ndoo, kwa kuwa kila alipoulizwa karatasi hakuwa nayo.

Mzazi unayesoma hapa, kama cheti cha mwanao kiko shuleni, nenda mwenyewe. Usimtume mtoto, kwa sababu mtoto hurudishwa langoni na bawabu. Ukizungushwa, andika barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Kosa la pili liko ukutani. Shule yetu ilikuwa na ubao karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, majina ya waliopata C+ kwenda juu yameandikwa kwa rangi ya dhahabu, maana C+ ndiyo tiketi ya chuo kikuu. Mwaka ambao nilifuatilia vizuri, majina yalikuwa 19. Waliofanya mtihani walikuwa 142. Hao 123 waliobaki hapakuwa na mtu shuleni aliyejua walikwenda wapi, nami nikiwemo, na wengine niliwafundisha Kiswahili miaka minne mfululizo. Siku matokeo yakitangazwa tunapiga hesabu ya wastani wa shule, tunachinja mbuzi au tunalaumiana, basi. Daktari akimpasua mgonjwa asimuulize tena hali tungemwitaje?

Kwa hiyo nina mazoea haya sasa. Kila Mei, miezi minne hivi baada ya matokeo, nawapigia wote. Mei si bahati nasibu: aliyekosa kuingia chuo cha ufundi mwanzoni mwa mwaka bado anaweza kujipanga kwa usajili wa Septemba. Ukingoja Desemba, ameshaoa au ameshanunuliwa bodaboda kwa mkopo. Simu ni dakika tatu. Uko wapi, unafanya nini, nini kimekwama? Mwalimu mkuu aliniuliza pesa za simu zitatoka fungu gani. Nikamjibu zitatoka fungu la mke wangu kunikasirikia. (Siku hizi chama cha wazazi hunichangia kidogo.)

Majibu ya swali la tatu ndiyo yaliyobadilisha ninavyofundisha. Nilidhani kikwazo kitakuwa karo. Karo ipo, ndiyo, lakini mara nyingi kilichowakwamisha ni karatasi. Msichana mmoja aliyelelewa na nyanyake kule Rhonda alikwenda kuomba kitambulisho cha taifa, lakini hakuwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi yeyote, na bila hiyo ofisi haikumsikiliza. Tuliahirisha na kurudi, tukaapa mbele ya wakili, tukamleta nyanya mwenyewe na fimbo yake. Miezi saba. Angeanza akiwa kidato cha tatu, tungeimaliza kabla ya mtihani. Wanafunzi wetu wengi hutimiza miaka 18 wakiwa bado wamevaa sare, kwa hiyo sasa tunamwalika chifu na maafisa wa usajili waje shuleni, na mwezi mmoja kabla yake tunawaambia watoto walete cheti cha kuzaliwa na nakala za wazazi. Asiye nazo ndipo tunamjua, akiwa bado mikononi mwetu.

Halafu majina. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na ritifaa, ile alama ya (') katika ng', ni kipenzi changu, ila sikujua inaweza kumnyima mtu kazi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ng'ang'a, cha mtihani kinasema Nganga. Achieng' anapoteza alama yake ya mwisho, Cherotich anaongezewa herufi na mtu aliyekuwa akichapa haraka. Mtoto anaona jina lake, anatia sahihi. Mimi huchukua kipindi kizima kabla dirisha la usajili wa KCSE halijafungwa: kila mmoja na cheti chake cha kuzaliwa mkononi, anasoma jina lake kwenye orodha herufi kwa herufi, jirani yake anamsikiliza. Wanacheka sana. Baada ya dirisha kufungwa, kurekebisha ni ada na safari.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kuwapeleka chuo anuwai. Tuna bahati, Rift Valley National Polytechnic iko hapa hapa mjini; wenzetu wa Kisumu wana yao, na Kakamega wana Sigalagala. Napeleka kidato cha tatu, kwa sababu kidato cha nne hawasikii kitu ila mtihani. Na siwapeleki wale "dhaifu" peke yao. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, wakapanda matatu wameinamisha vichwa kama wanaopelekwa kortini. Sasa anakwenda yeyote, nambari moja wa darasa akiwemo.

Safari ya mwaka juzi, kwenye karakana ya mitambo, mwalimu wa pale alimpa msichana wetu kipimo cha Vernier apime kipenyo cha bolti. Alikuwa amekichora kwenye somo la fizikia na kupata maksi. Akakisukuma, kikasogea, akaruka nyuma. "Mwalimu, kumbe kinafunguka!" Alikuwa akidhani ni rula yenye umbo la ajabu. Huyo alipata D, na D inamwingiza mtu kwenye cheti cha ufundi. Chini ya hapo bado kuna kozi za ufundi stadi, na fundi aliyejifunzia kazi gereji anaweza kufanya majaribio ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, akaanza na gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza, bila mtu kumuuliza alipata ngapi KCSE. Nilikuwa nikiyasema haya kwa sauti ya kufariji msibani. Nimeiacha.

Kuna ambao niliwakosea kwa kujifanya najua. Kijana mmoja asiyesikia vizuri nilimkalisha mbele, nikaona nimemaliza, na ulipofika wakati wa kuchagua kozi nikampendekezea useremala. Kwa nini? Kwa sababu bubu wa mtaani kwetu alikuwa seremala. Sikumuuliza. Yeye alitaka kuchora kwenye kompyuta, na leo anachapa fulana na mabango, wateja wanamtumia maelezo kwa ujumbe wa simu kwa hiyo sikio halimsumbui. Na msichana aliyerudi shuleni baada ya kujifungua hakuhitaji mahubiri yangu ya saa nzima. Alihitaji kozi ya mchana iliyo karibu na mtu wa kumwachia mtoto. Muulizeni mtoto kwanza.

Gredi ya 10 wa kwanza wa mtaala mpya waliingia sekondari ya juu Januari 2026, na wa mwisho wa 8-4-4, mfumo wa zamani, watafanya KCSE 2027. Mikondo mitatu ya sekondari ya juu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo, ni wazo zuri. Hofu yangu ni shule ya kutwa yenye maabara moja, ambapo mtoto atafuata mkondo wa walimu waliopo. Hapo ndipo daftari la waliomaliza litasaidia, kwa kuwa nikikaa na mzazi naweza kumwonyesha walikofika watoto wa mtaa wake.

Vyeti kabatini vimebaki 14. Nimevihamishia bahasha mpya, bila mipira. Wawili nasikia wako Naivasha kwenye mashamba ya maua, mmoja yuko Busia anabadilisha pesa mpakani na ameahidi kupita Nakuru Krismasi. Cha 2009 bado kipo. Namba iliyo kwenye faili hupokewa na mtu mwingine kabisa, mzee mpole wa Molo, na nikimpigia kila Mei huniuliza kwanza kama yule kijana ameshapatikana.