Mpini wa upanga wa mwanga wa Luke Skywalker kutoka bomba la ngazi: vipimo, vipande na mahali unapoharibikia

Mkuu, umeuliza mambo mawili: namna ya kutengeneza mpini wa upanga wa Luke wa filamu ya kwanza ya Star Wars unaoweza kupigwa picha kwa karibu bila kuonekana toi, na kama inawezekana bila kuagiza kifaa cha asili kutoka Marekani. Inawezekana kabisa. Ila wengi huanza na rangi na taa, wakati kinachoamua kila kitu ni bomba. Ukipata bomba la kipenyo sahihi, vilivyobaki vyote vinapimwa kutokana nalo. Ukikosea hapo, hakuna kipande kitakachokaa sawa hata uwe na mkono mzuri namna gani.

Kwanza ujue kitu chenyewe kilitoka wapi, maana ndiko kutakakokuongoza kuchagua vipande. Filamu ilitoka 1977 na vifaa vyake viliandaliwa Uingereza, kwenye studio za Elstree. Roger Christian, mpambaji wa seti, alichukua mpini wa flashi ya kamera za waandishi wa habari uliotengenezwa na Graflex, kampuni ya Rochester, New York. Ni bomba la shaba lililochovywa madini ya kung'aa. Ndani zinaingia betri tatu kubwa za D, na juu ndipo ilipokaa taa. Akabandika vipande vya plastiki vya umbo la T vikawa vishikio, na kwenye kibano cha katikati, yaani ule mkanda wa chuma unaoshika nusu mbili za mpini, akachomeka ukanda wa vitone angavu uliotoka kwenye kalkuleta. Plastiki ya T ya aina hiyohiyo ndiyo iliyowekwa kwenye mitutu ya bunduki za Sterling walizobeba wale askari wa filamu wenye deraya nyeupe. Upanga wa Obi-Wan, mwalimu wa Luke, ulichanganywa zaidi: kitako chake ni kishikio cha koki ya maji ya Armitage Shanks, shingo ni bomba kutoka injini ya ndege ya Rolls-Royce Derwent, na sehemu ya kushika ilitokana na guruneti la Waingereza la kurushwa kwa bunduki, la Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kila kipande hapo kilikuwa na kazi yake kabla hakijaingia kwenye filamu. Unene wa chuma ni wa kweli, kingo zimemaliziwa kiwandani, skrubu iko pale kwa sababu kuna kitu inashika. Jicho la mtazamaji linasoma hayo bila yeye kujua. Kwa hiyo ukiwa dukani au kwa wauza vyuma chakavu, usitafute kitu kinachofanana na upanga. Tafuta kitu kilichotengenezwa kufanya kazi, chenye kipimo unachokihitaji.

Sasa bomba. Mpini wa Graflex una kipenyo cha karibu mm 38, yaani inchi moja na nusu, na urefu wa karibu sm 28. Kipenyo hicho kinapatikana kwa fundi yeyote anayetengeneza reli za ngazi na mageti ya stenlesi: bomba la mm 38.1. Omba kipande kilichobaki cha sm 40, chenye unene wa mm 1.2. Unene wa mm 1.5 unafaa pia, ila ni mgumu zaidi kukata na kutoboa. Usichukue bomba la sinki la mm 32 kwa sababu tu linang'aa vizuri. Hizo mm 6 zinazopungua zinaonekana mara tu mpini unapokaa mkononi, na vishikio saba havitaenea. Bomba la plastiki lililopulizwa rangi ya fedha usiliguse kabisa. Rangi ile inashika alama za vidole, inatoka kwa jasho, na inapotoka unaona plastiki.

Kabla ya kukata chochote, toa vipimo kwenye picha. Tafuta picha ya kifaa cha asili iliyopigwa ubavuni, kutoka mbali kidogo, maana picha ya karibu inanenepesha upande ulio mbele. Ifungue kwenye simu au kompyuta, hesabu pikseli za upana wa bomba, ugawanye kwa 38. Tuseme upana ni pikseli 190: kila pikseli 5 ni mm 1. Kishikio chenye pikseli 430 kwenye picha hiyo kitakuwa mm 86. Fanya hivyo kwa kila sehemu uandike kwenye mchoro mmoja. Chagua pia toleo moja ubaki nalo. Mpini wa filamu ya pili ya Star Wars, ya 1980, una kipande cha saketi chenye mistari ya dhahabu kwenye kibano mahali pa vitone, na ukichanganya matoleo mawili, wanaojua wataona papo hapo.

Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi. Meno makubwa yanang'ang'ania kwenye bati jembamba na kulichana. Zungusha karatasi ya A4 kwenye bomba mpaka kingo zake zikutane sawasawa, chora mstari pembeni yake, kata nje ya mstari kwa nusu milimita, kisha malizia kwa tupa. Ndani ya bomba weka kipande cha mti kinachobana kabla hujalifunga kwenye jiliwa, la sivyo litabonyea kuwa yai na halitarudi. Angalia ndani utaona mshono wa weldingi umepita urefu wote. Utie alama kwa nje, kwa sababu utaufichia chini ya kishikio kimojawapo.

Mpini wa asili ni nusu mbili zilizounganishwa kwenye kibano, ya chini ndefu kuliko ya juu. Watu huacha bomba moja na kuchora mstari kuzunguka. Haitoshi, kwa sababu mwanga unaingia kwenye kiungo cha kweli na hauingii kwenye mstari. Kata nusu mbili, halafu mpe fundi wa kukereza kipande cha alumini akikereze kiwe mm 35.6 kwa nje, urefu sm 6. Ndani ya bomba la mm 38.1 lenye unene wa mm 1.2 kuna mm 35.7, kwa hiyo kitaingia kwa kubana kidogo. Lakini mpelekee bomba lenyewe, usimpelekee namba tu: mabomba ya ngazi hayana ndani sawa kutoka bunda moja hadi jingine, na ule mshono unakula nafasi, hivyo alumini inahitaji mfereji mdogo wa kuupitisha.

Kutoboa stenlesi ndiko kunakomaliza biti za watu. Stenlesi ikisuguliwa kwa kasi bila kukatwa inakakamaa juu, na baada ya hapo hata biti mpya inaungua. Piga senta panchi, weka tone la mafuta, endesha drili polepole, kandamiza kwa nguvu mpaka uone chuma kinatoka kwa nyuzi. Kikitoka unga, umekwenda kasi mno au biti imekufa, simama. Tumia biti ya kobalti, mm 3.3 kwa riveti za mm 3.2. Tundu la kitufe chekundu anza na mm 3, panda kwa hatua. Kitufe chenyewe ni swichi ya kubonyeza yenye kichwa cha chuma au plastiki nyekundu kutoka kwa wauza vifaa vya umeme. Nusu ya juu ina kijicho cha kioo pia. Mahali pake na pa kitufe pima kwenye picha uleule mtindo wa pikseli.

Kibano kitengeneze kwa bati la chuma la mm 1. Hesabu yake: kipenyo 38.1 jumlisha unene 1 ni 39.1, mara 3.14 unapata karibu mm 123. Toa mm 8 za mwanya wa mbele, ongeza masikio mawili ya mm 15 kila moja: mkanda wa mm 145. Ukunje juu ya bomba la mm 32, siyo la mm 38, kwa sababu bati likiachiwa linafunguka kidogo. Ukikunjia kwenye bomba lenyewe kitabaki kimelegea na utaishia kukijaza gundi. Kibano kizuri kinashika kwa skrubu peke yake.

Vishikio ni saba. Mzunguko wa bomba ni karibu mm 119.7, ukigawa kwa saba ni mm 17.1 kutoka katikati ya kishikio hadi katikati ya kinachofuata. Usipime kwa rula juu ya bomba. Kata ukanda wa karatasi wa mm 119.7, ugawe kwenye meza, uzungushe, halafu hamishia alama. Plastiki ya T ukiikosa, nenda kwa mafundi wa mabango wakukatie akriliki nyeusi kwa mashine: pande saba za upana wa mm 12 na unene wa mm 2 kwa chini, na mbavu saba za mm 3 za kusimama katikati, ziungwe kwa gundi ya maji wanayotumia wenyewe. Lainisha kingo kwa msasa namba 400 kidogo tu, maana ukingo mkali kama wembe unaonyesha kuwa kimetoka kwenye mashine jana.

Kubandika ndiko kazi nyingi zinakofia. Stenlesi iliyong'arishwa haina pa gundi kushika. Zungushia tepu ya karatasi nje ya alama, kwaruza ndani yake kwa msasa namba 120 mpaka mng'ao uishe, futa kwa spiriti na usiguse tena kwa kidole. Tumia epoksi ya kukauka taratibu, ile ya saa 24. Ya dakika tano ni dhaifu zaidi na itakuharakisha ukiwa kwenye kishikio cha tatu. Supa gluu iache: mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki nyeusi, na ikikauka haina unyumbufu, mpini ukianguka mara moja kishikio kinaruka kizima. Anza na kishikio kinachofunika mshono. Vikishakaa vyote, vifunge kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, mbano wa wastani tu, kwani ukikaza sana gundi yote inatoka pembeni. Iliyotoka ifute kwa spiriti kabla haijaganda.

Ukanda wa vitone unahitaji maelezo. Kalkuleta za miaka ya 1970 zilikuwa na tarakimu ndogo sana za taa nyekundu, kwa hiyo juu ya kila tarakimu waliweka lenzi ya kuikuza. Ule wa filamu ulitoka kwenye Exactra ya Texas Instruments. Ukikutana na kalkuleta ya zamani ambayo bado inawaka, tafadhali usiivunje. Zimebaki chache na kitone kinatengenezeka. Chukua plastiki angavu ya mm 2, ikwaruze kwa kisu mistari yenye kina kila mm 4, kisha dondosha epoksi angavu kwa sindano ya plastiki, tone moja kila chumba. Epoksi inasimama kwenye ukingo wa mstari na kujiinua yenyewe kuwa kuba. Ikipita mstari, umeweka nyingi. Ikibaki bapa, ongeza ikiwa bado mbichi. Koroga polepole usiingize mapovu, na funika kwa kopo vumbi lisitue. Ukiwa pwani, kama Dar, Tanga au Mombasa, fanya hivi mchana mkavu. Unyevu wa jioni unaiachia epoksi utando wa maziwa unaonata. Ukiupata, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya kuamua kurudia.

Pete ya D ya kitako ipo kwa mafundi mabegi. Ishike kwa riveti, isiwe gundi, kwa sababu mpini wote utaning'inia hapo.

Uzito: bomba tupu la sm 28 lina karibu gramu 300, na mkono unahisi wepesi huo. Betri tatu za D za alkalini zinaongeza zaidi ya gramu 400 na zinakaa palepale zilipokaa kwenye flashi ya Graflex. Kama unataka mwanga wa kweli na bomba la plastiki juu yake, amua sasa kabla hujabandika kitu, kwani kishikilia bomba hilo kitakula ndani yote ya nusu ya juu. Kwenye filamu mpini wenyewe haukuwa na taa.

Mwisho ni kuuzeesha, na hapa naomba usikilize. Stenlesi haichubuki ikaonyesha shaba, na wala haiwi na kutu ya kahawia kama bati la jikoni, kwa hiyo usichore kutu. Sugua kwa msasa namba 1000 wenye maji, ukizungusha kufuata mduara, mpaka mng'ao wa kioo upungue. Changanya rangi nyeusi ya mafuta na tina iwe kama chai ya rangi, paka eneo dogo, subiri dakika mbili, futa. Ibaki kwenye kiungo cha nusu mbili, chini ya kibano, pembeni mwa vishikio na kuzunguka riveti. Mgongo wa bomba unaoguswa na kiganja uache uking'aa. Wengi hufanya kinyume, wanapaka weusi kote, na mpini unaonekana umetoka kwenye moshi. Ukague kwa kamera ya simu, taa moja ikitoka ubavuni, kabla hujasema umemaliza.

Ukisafiri nao kwa ndege, toa betri zote na uweke mpini kwenye begi la kupakia chini. Bomba la chuma lenye betri tatu na nyaya linaonekana vibaya sana kwenye mashine ya ukaguzi. Na bastola ya Han Solo, rafiki wa Luke kwenye filamu hiyohiyo, ambayo umegusia kuwa ndiyo inayofuata, ilijengwa juu ya Mauser C96 halisi na nakala yake ina umbo kamili la bastola. Kabla ya kuianza, ulizia kituo cha polisi sheria ya nakala za silaha inasemaje mahali ulipo.