Bei ya Gari ni Jumla Yake

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ni kwa njia gani mtu asiye mfanyabiashara anaweza kupatana bei nzuri anaponunua gari yadini, kwa muuzaji anayeuza magari kila siku, ilhali yeye mwenyewe hununua gari mara chache tu maishani. Mimi nimenunua gari kwa njia hiyo mara mbili. Mara ya kwanza niliumia, na mara ya pili nilitoka nikiwa nimeridhika, wala tofauti haikuletwa na ukali wa maneno au ujasiri wa kukaza uso. Mara ya kwanza nilijadili vipande vya bei. Mara ya pili nilijadili jumla yake.

Mtu anapoketi mbele ya meza ya muuzaji huamini kwamba anapatana jambo moja, yaani bei ya gari. Kwa hakika mezani pana mapatano manne au matano kwa wakati mmoja: bei ya gari lenyewe, thamani ya gari la zamani iwapo analitoa kuwa sehemu ya malipo, masharti ya mkopo, ada za makaratasi, na vitu vya ziada vinavyouzwa pamoja na gari. Muuzaji huyahesabu yote kwa pamoja, kwa kuwa kwake faida ni faida, iingie kwa mlango wowote. Mnunuzi huyaona moja moja, tena kwa mpangilio aliopangiwa. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukubali kwa tabasamu kushusha bei ya gari, kisha baada ya dakika chache akakirudisha alichokipunguza kwa kulithamini gari lako la zamani chini ya haki yake, au kwa kuongeza kidogo tu kwenye riba, nawe ukaenda nyumbani ukijisifu kwamba umepewa punguzo.

Swali la kwanza nililoulizwa siku ile ya kwanza lilikuwa la upole sana: ningependa kulipa kiasi gani kwa mwezi? Nilidhani ni msaada, nikataja kiasi nilichokimudu. Tangu hapo hatukuzungumza tena bei ya gari. Tulizungumza rejesho la mwezi, na kila mara lilipoonekana kubwa muuzaji aliongeza miezi. Hesabu niliifanya nyumbani baadaye, na naomba niifanye tena hapa kwa namba nyepesi, kwa sababu naamini ingekuwa imenisaidia kuliko ushauri wowote.

Chukua mkopo wa 20,000, kwa sarafu yoyote ile, wenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayohesabiwa kila mwezi juu ya salio linalopungua. Ukilipa kwa miezi 36, rejesho ni takriban 664 kwa mwezi, na mwisho utakuwa umelipa karibu 23,910. Ukirefusha mkopo huo huo hadi miezi 72, rejesho linashuka hadi 391, lakini jumla inapanda hadi karibu 28,150. Sasa tuseme muuzaji amepandisha bei ya gari kwa 2,000 huku mazungumzo yakiwa juu ya mwezi. Mkopo wa 22,000 kwa miezi 72 una rejesho la 430 tu, ambalo bado liko chini sana ya lile la 664 ulilolikataa mwanzoni. Mnunuzi huona nafuu, kumbe amekubali bei iliyo juu zaidi na jumla inayokaribia 31,000. Tangu siku hiyo mimi sijibu swali la mwezi. Nasema kwa adabu kwamba tupatane kwanza bei ya gari, na namna ya kulipa tutaizungumza baadaye.

Riba nayo ina mtego wake, hasa pale inapotajwa kwa asilimia bila kuelezwa inahesabiwa juu ya nini. Asilimia 12 inayotozwa kila mwaka juu ya mkopo wote wa mwanzo, bila kujali kwamba deni linapungua kila mwezi, si sawa na ile niliyoitumia hapo juu. Kwa mkopo ule ule wa 20,000 wa miaka 3, hesabu hiyo inazaa riba ya 7,200 na rejesho la karibu 756 kwa mwezi, ambalo ni sawa na kukopa kwa takriban asilimia 21 juu ya salio linalopungua. Maneno ni yale yale mdomoni mwa muuzaji, lakini gharama ni nyingine kabisa. Njia rahisi ya kuitambua ni kuomba jumla ya marejesho yote kuanzia la kwanza hadi la mwisho, kisha kuondoa kiasi ulichokopeshwa, na kinachobaki ndicho unachouziwa pamoja na gari.

Ni vizuri pia kujua kwamba mara nyingi yadi hulipwa na mkopeshaji kwa kumpelekea mteja, na katika baadhi ya mipango huruhusiwa kuongeza riba juu ya kiwango alichokiidhinisha mkopeshaji na kubaki na sehemu ya nyongeza hiyo. Kwa hiyo mara ya pili nilikwenda kwanza benki, nikapata idhini ya mkopo yenye kiwango kilichoandikwa, ndipo nikaanza kutafuta gari. Yadi ikiweza kutoa riba ndogo kuliko hiyo, ichukuliwe kwa furaha. Ikishindwa, mnunuzi anao mkopo wake wa benki mfukoni. Na mwenye fedha taslimu asikimbilie kulitangaza jambo hilo akidhani litampatia punguzo papo hapo, kwa sababu muuzaji anayetarajia kupata faida kwenye mkopo ana nafasi kubwa zaidi ya kulegeza bei ya gari.

Nirudi kwenye jumla. Mara ya pili sikuanzia yadini bali nilianzia kwenye barua. Nilichagua gari moja, nikaandika aina yake, toleo, mwaka na vifaa nilivyovitaka, kisha nikawaandikia wauzaji watano maneno yale yale: naomba bei yote hadi gari litoke mikononi mwenu, kodi na usajili vikiwamo, na kila ada itajwe kwa jina na kiasi chake. Wawili walijibu kwa kunialika nifike tuzungumze, bila namba yoyote. Watatu walitoa namba. Niliichukua iliyo ndogo nikawapelekea wawili waliobaki, nikiwaeleza ukweli mtupu kuhusu ofa niliyokuwa nayo, na mmoja akashuka chini yake. Kazi yote hiyo ilifanyika bila mtu yeyote kuuona uso wangu, jambo ambalo nalithamini sana, na nitaeleza sababu.

Mwaka 1995 Ian Ayres na Peter Siegelman walichapisha katika jarida la American Economic Review matokeo ya utafiti waliofanya kwa wauzaji wa magari mapya eneo la Chicago, Marekani. Waliwatuma watu waliofunzwa kujadiliana kwa mtindo mmoja, wakatembelea yadi kwa jozi zaidi ya mara 300, na ikaonekana kwamba wanaume weupe walitajiwa bei za chini kwa kiasi cha kuonekana kuliko wanawake na watu weusi, ingawa wote walisema maneno yale yale. Jambo hilo linaniuma kila ninapolikumbuka, kwa maana linaonyesha kwamba bei inayotajwa mezani inaweza kusomwa kwenye sura ya mnunuzi badala ya kwenye gari. Barua haina sura, wala haioni haya au kuchoka baada ya saa tatu za kukalishwa kitini. Ikiwa kuna watu wanaofaidika zaidi na njia hii, ni wale ambao wamezoea kutajiwa bei ya juu kabla hata hawajafungua kinywa.

Kuhusu gari la zamani la kutoa kuwa sehemu ya malipo, ushauri wangu ni mfupi: litafutie bei kwingine kabla, kwa wanunuzi wawili au watatu, na usilitaje yadini mpaka bei ya gari jipya iwe imeandikwa. Muuzaji akiuliza mapema, mwambie hujaamua, kwa kuwa kweli hujaamua mpaka usikie atatoa ngapi.

Kwa gari lililotumika mambo ni mazito zaidi, kwa sababu hapo muuzaji anajua yaliyomo nawe hujui. George Akerlof, mchumi wa Marekani, aliandika mwaka 1970 makala iliyotumia soko la magari yaliyotumika kueleza kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu hulipa bei ya wastani kwa yote, na wenye magari mazuri hukataa kuyauza kwa bei hiyo, hata soko likaachiwa mabovu. Mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya namna hiyo. Ninaitaja kwa sababu inaeleza kwa nini fundi ni sehemu ya mapatano ya bei. Asiyekwenda na fundi hununua mbuzi kwenye gunia, na hata akiomba punguzo hana hoja ya kulisimamia. Fundi wako mwenyewe, asiyehusiana na yadi, akikuandikia kwamba pedi za breki zimekwisha, mkanda wa taimingi umefika wakati wa kubadilishwa na shokomzoba moja inavuja, umepata gharama halisi za kuondoa kwenye bei, na muuzaji hawezi kuziita maoni.

Mengine unaweza kuyaangalia mwenyewe. Tairi nyingi zina namba 4 ubavuni, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, ambapo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa; 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za tarehe hiyo kwenye gari ambalo muuzaji anasema lilifungwa matairi mapya juzi zinatosha kukufanya uulize na mengine. Namba ya chasisi, ambayo kwa magari mengi ya miongo ya karibuni ina herufi na tarakimu 17, ilingane na ile iliyo kwenye hati za umiliki. Na hata kwa gari jipya, uliza limekaa yadini muda gani. Wauzaji wengi hununua magari yao kwa mkopo, kwa hiyo gari linalokaa linawagharimu riba, na hamu ya kuliondoa huongezeka, hasa toleo la mwaka unaofuata likikaribia kufika. Mwisho wa mwezi nao husaidia, kwa sababu baadhi ya wauzaji wana malengo ya mauzo ya kutimiza, ila mimi sikuutegemea.

Ada zinahitaji macho makali. Kodi na ada ya usajili inayokwenda serikalini hazijadiliwi, na si haki kumlaumu muuzaji kwa hizo. Ada za yadi yenyewe ni jambo lingine: za kuandaa nyaraka, za kuandaa gari, za kupaka dawa ya kulinda rangi, za kuchora namba kwenye vioo. Nikiambiwa kwamba ada fulani haiwezi kuondolewa kwa sababu kila mteja huilipa, sibishani. Naomba ibaki pale pale ilipoandikwa, na bei ya gari ipunguzwe kwa kiasi hicho hicho, kwa kuwa ninachokitazama ni namba ya chini kabisa ya ukurasa. Dhamana ya kurefushwa, yaani ahadi ya kutengenezewa gari kwa muda zaidi ya ule wa kawaida, pia ni bidhaa yenye bei inayojadilika, na haina haja ya kununuliwa siku hiyo hiyo mtu akiwa amechoka.

Kuna jambo moja ambalo nalisisitiza kwa uchungu, kwa sababu lilinipata mara ya kwanza. Niliruhusiwa kuondoka na gari kabla mkopo haujaidhinishwa kwa hakika, nikaambiwa kwamba ni utaratibu tu. Siku chache baadaye niliitwa nirudi, nikaelezwa kwamba mkopeshaji amekataa masharti ya awali na kwamba yapo mengine, yenye riba ya juu zaidi. Gari langu la zamani lilikuwa limekwisha kupokelewa, familia ilikuwa imeanza kulipanda jipya, na sikuwa na nguvu ya kusema hapana. Mtu asiondoke na gari wala asiache lake la zamani mpaka idhini ya mwisho iwe imeandikwa, na akitoa arubuni, karatasi iseme wazi katika hali gani atarudishiwa.

Nguvu ya kusema hapana ndiyo niliyokwenda nayo mara ya pili, na haikuwa ya moyo bali ya makaratasi: idhini ya benki, ofa ya pili iliyoandikwa, na bei ya gari langu la zamani kutoka kwingine. Nilipoambiwa kwamba bei ni ya leo tu, niliweza kushukuru na kusimama. Siku ya kuchukua gari niliiweka barua ya bei kando ya mkataba, nikausoma mstari kwa mstari huku muuzaji akisubiri. Palikuwa na ada ya kusafisha gari na kulitia nta ambayo haikuwamo katika barua. Nilimwonyesha kurasa zote mbili bila maneno mengi. Alikwenda kwa meneja wake, akarudi baada ya muda na mkataba mpya, nikausoma tena tangu mwanzo, na nilipoona kwamba jumla ya chini ni ile ile ya barua, nikatia saini.