Saa mm 82, data mm 52: je, nikunje njia?

SWALI: Bodi ninayoichora ina chipu mbili zinazowasiliana kwa MHz 50, volti 3.3. Njia ya shaba ya saa (mapigo yanayoongoza lini data isomwe) ina mm 82, ya data mm 52, zote tabaka la juu. Nitaonaje kwenye LTspice (programu ya kuiga saketi) jinsi ishara zitakavyopishana? Na ni lazima niikunje njia ya data irefuke ili zilingane?

JIBU: Anza na hesabu ya mkono. Kwenye FR-4 (bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo), ishara ya tabaka la nje huchukua takriban pikosekunde 6 kwa milimita. Ya tabaka la ndani, takriban 7. Saa itatumia 492, data 312. Tofauti ni 180.

Sasa weka chanzo kimoja cha PULSE (mapigo), muda wa kupanda na wa kushuka 500p (pikosekunde 500) kila mmoja. Usiandike sifuri, maana programu itajiwekea muda wake yenyewe. Toa matawi mawili: kila moja rezista ya ohm 50 (tuseme 17 za ndani ya chipu, 33 utakayoichomelea), kisha tline (kipande kinachoiga njia ya shaba) yenye Z0, yaani ukinzani wa njia, =50. Moja ipe Td (ucheleweshaji) =492p, nyingine Td=312p. Miguu ya ardhi iunganishwe pande zote mbili. Hatua ya muda isizidi 5p.

Pima ishara inapovuka volti 1.65, na upime upande wa chipu inayopokea. Upande wa kutuma, baada ya rezista, ishara hukwama kwenye nusu ya volti 3.3, yaani 1.65 yenyewe, mpaka wimbi lirudi, hivyo kipimo cha hapo hakina maana.

Bila mzigo lazima upate 180. Usipopata, kosa liko kwenye mchoro. Kisha ongeza kapasita ya mguu wa kupokea, na hapa ndipo penye uzito kuliko urefu wa njia: pF 3 kwa ohm 50 huchelewesha pikosekunde 100 hadi 150, sawa na mm 17 hadi 25 za shaba! Mguu mmoja ukiwa na pF 3 na mwingine pF 6, kulinganisha milimita peke yake hakutakusaidia.

Je, ukunje? Kwa mzunguko wa nanosekunde 20, pikosekunde 180 hazifiki hata asilimia 1. Ila saa ikichelewa, unaopungua ni muda wa data kubaki imetulia baada ya ukingo wa saa (pale pigo linapopanda au kushuka), na kama data hubadilika kwenye ukingo uleule, kushusha MHz hakuurudishi. Chipu inayotuma ikishikilia data ns 1 na inayopokea ikidai ns 0.5, utabaki na 0.32. Hapo usikunje.

Ukilazimika kukunja, nafasi kati ya mikunjo isipungue mara tatu ya kimo cha njia juu ya tabaka la ardhi. Mikunjo iliyobanana huathiriana, ishara ikafika mapema kuliko urefu unavyodai, na tline haionyeshi hilo.