Tumbo Linajuaje Kuwa Ndiyo Leo

Mwanangu,

Ujumbe wako wa saa nane usiku nimeuona alfajiri. Mmekimbilia hospitali na begi, mkunga kampima mkwe wangu, kasema njia haijafunguka, rudini nyumbani. Ndipo ukaniuliza: "Mama, tumbo linakaza kweli na yeye anaumia kweli, kwa nini wanasema si uchungu? Kwani tumbo linajuaje kuwa ndiyo leo?"

La kwanza nimelijibu leba miaka yote, kwa mkono tu. La pili nilikuja kulipata nikiwa nimeshatimiza miaka kumi na minane kazini, tena kwenye semina niliyokwenda kwa kulazimishwa.

Tuanze na mkono. Weka kiganja juu kabisa ya tumbo lake, na likikaza bonyeza kwa ncha za vidole. Likibonyea kama ncha ya pua, bado. Likiwa kama kidevu, jiandaeni. Likiwa gumu kama paji la uso, likawa linarudi kila dakika tatu nne, na hata akitembea haliachi, hapo hakuna mjadala tena. Uchungu wa uongo mara nyingi unakaza kona: unahisi kama ngumi upande mmoja, na upande wa pili umelegea. Daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliyaeleza makazo hayo mwaka 1872, na yakapewa jina lake, utadhani bibi zetu walikuwa hawayajui.

Kwa nini kona? Mji wa mimba ni misuli, na misuli ni seli nyingi zisizohesabika. Moyo una njia zake maalumu za kupitisha umeme, mji hauna. Seli moja ikisisimka, habari lazima ipite kwa jirani, na jirani kwa jirani yake. Zamani wataalamu waliona kila seli imejifungia ndani ya utando wake. Mwaka 1964, kule New York, Werner Loewenstein, Mjerumani wa kuzaliwa aliyesomea Chile, pamoja na Yoshinobu Kanno, walichukua tezi za mate za kiluwiluwi cha nzi wa matunda, kwa kuwa seli zake ni kubwa ajabu. Wakachoma seli moja kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, wakapitisha umeme, wakapima kwa jirani. Umeme ulikuwa umeshafika, karibu wote. Hata rangi inayong'aa ilivuka bila kumwagika nje. Kumbe ukutani kuna vijia! Kila kijia ni protini sita za upande huu zikikutana na sita za upande ule, na tundu katikati. Chumvi na sukari hupita, protini haipiti. Protini hizo zinaitwa konneksini.

Sasa sikia kilichonifanya niache kusinzia kwenye ile semina. Mwaka 1977, Robert Garfield na wenzake walitazama mji wa mimba wa panya kwa hadubini ya elektroni. Katika mimba yenyewe, vijia havikuonekana. Panya akikaribia kuzaa, vikajaa. Akishazaa, vikatoweka. Baadaye wakaviona kwa wanawake walio kwenye uchungu pia. Mimba inapotimia, homoni zinageuka, seli zinatengeneza konneksini kwa wingi, na vijia vinafunguka kila upande.

Umekulia Pangani, umeona mtumbwi ukivutwa mchangani. Watu ishirini, kila mmoja akivuta kwa wakati wake, wanachoka na mtumbwi haujasogea hata shubiri. Akitokea wa kuimba, wakaitikia na kuvuta pamoja, unateleza. Usiku ule mkeo alikuwa na wavutaji wa kutosha, ila walikuwa hawajaanza kusikizana. Kwa hiyo maumivu yake ni ya kweli, na atakayemwambia anajidekeza mtume kwangu. Na yule mkunga naye hakukosea.

Msikae mkihesabu siku. Anywe maji, aoge maji ya uvuguvugu, alale ubavu wa kushoto. Lakini akitoka damu, au chupa ikipasuka, au mtoto akipunguza kucheza, au kichwa kikimuuma sana na macho yakaona ukungu, usinipigie mimi kwanza. Nendeni, hata kama mmetoka huko saa moja iliyopita, hata kama mtachekwa.

Begi liache hapo hapo mlangoni. Mimi napanda basi la Ijumaa asubuhi, na kanga nimeshazifua mara mbili ili zilainike.

Mama yako