Pilipili manga kwenda Ulaya

Dada, umeuliza kikundi chenu cha Muheza mkitaka kupeleka pilipili manga Ujerumani muanzie wapi, mi nakwambia ushuru usikupe presha kabisa, Tanzania iko kwenye ule mpango wa Ulaya wa EBA tangu 2001, kila kitu kasoro silaha kinaingia bila ushuru. Ngoma iko maabara. Sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, aina ya B1 mwisho mikrogramu 5 kwa kilo, aina zote jumla 10, ikizidi mzigo hauingii sokoni, halafu na salmonela, bakteria wa kuharisha, hawataki hata kuisikia, sasa nyie mnaanika chini kuku wanapita juu yake kweli? Tafuteni turubai au vichanja, mvua ikinyemelea mfunike, na msifunge magunia kabla haijakauka vizuri maana ukungu ndo unaanzia hapo.

Kabla hamjamlipa mtu yeyote anayejiita konsaltanti, ingieni tovuti ya CBI, ni taasisi ya serikali ya Uholanzi kazi yake kusaidia wauzaji wadogo wa nchi kama zetu, ripoti zao za soko la viungo ni bure. Ila ziko kwa Kiingereza, mtafuteni kijana awasomee.