Mwanangu, hiyo laki sita usiilipe kwanza

Mtoto wa kaka yangu ameniandikia kutoka Dar. Baada ya shikamoo na pole za baridi akaingia kwenye jambo lake: amemaliza stashahada ya ugavi, kuna mtu ana darasa la Kiingereza cha biashara pale Sinza, miezi mitatu, shilingi laki sita, na mwisho unapewa cheti. Shangazi, nilipe? Na nikishakipata hicho cheti, huko Uingereza nitapata kazi ya ofisini kama yako? Wiki hiyohiyo binti wa jirani yetu wa zamani akaniuliza karibu hilohilo, kwa hiyo najibu kwa wote.

La cheti nalimaliza haraka. Viza ya kazi ya Uingereza haina habari na cheti cha darasa la mtaani. Inataka mtihani unaotambuliwa na serikali yao, kama ile IELTS ya viza, au shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza na kuhakikiwa. Tangu tarehe 8 Januari 2026, anayeomba kwa mara ya kwanza viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi anatakiwa kufikia kiwango cha B2. Zamani ilikuwa B1, ngazi moja chini yake. Mimi mwenyewe sikuja kwa viza hiyo. Nilimfuata mume wangu mwaka 2015, kazi nikaitafuta nikiwa hapahapa. Anayekwambia cheti chake kitakufungulia mlango wa huku anakudanganya, na ningependa usikie hilo kutoka kwangu kabla pesa haijakutoka.

Sasa tuje kwenye Kiingereza chenyewe, maana hapo ndipo nina maneno.

Mimi nilikuja nikijiamini. Nilikuwa nimefanya klirinji, kazi ya kutoa mizigo bandarini, Dar miaka minne. Nyaraka zote za mizigo nilizisoma kwa Kiingereza, na kuanzia kidato cha kwanza hadi chuo nilisomeshwa kwa Kiingereza. Nikapata kazi kwa wakala wa mizigo hapa Felixstowe, kwenye bandari kubwa ya makontena kuliko zote Uingereza. Wiki ya kwanza nikaambiwa nimwandikie mteja barua pepe, kuna hati haijafika. Nikaandika kama tulivyofundishwa sote. Unaikumbuka ile "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu"? Niliitafsiri neno kwa neno: "Refer to the heading above." Aya ya pili nikajieleza mimi ni nani. Ya tatu nikaomba kwa unyenyekevu mkubwa. Hati ninayoitaka ikatajwa mstari wa kumi na mbili.

Mwenzangu wa meza ya pili, mama mmoja wa Kipolandi, akageuza kiti akasoma. Akaniuliza, unataka nini hasa? Nikamwambia. Akasema, basi andika hilo. Tukafuta pamoja mpaka ikabaki mistari mitatu: namba ya kontena, hati inayokosekana, na lini inahitajika. Niliona kama nimemtukana mteja. Mteja akajibu baada ya dakika kumi, hati ikiwa imeambatanishwa.

Nikadhani nimeelewa, nikazidisha. Kesho yake nikamwandikia mwingine: "Please send the document today." Huyu alilalamika kwamba namwamrisha. Ilinichukua muda kuona kosa liko wapi. Kwetu neno "naomba" limebeba heshima yote. Ukishaliweka, umeshamwinamia mtu. Nilidhani "please" inafanya kazi hiyohiyo. Haifanyi. Mbele ya kitenzi cha kuamrisha inabaki kuwa amri iliyovaa shati safi. Wao heshima wameiweka kwenye swali: "Could you send it today?" Uliza, usiagize, hata kama wote wawili mnajua kwamba mtu hana hiari.

Na hilo la amri iliyofichwa ndani ya swali, au ndani ya pendekezo, ndilo lililonigharimu.

Tangu tarehe 1 Julai 2016, kwa kanuni za usalama wa baharini zinazoitwa SOLAS, kontena halipakiwi melini mpaka uzito wake kamili uthibitishwe: mzigo, mbao na kamba zinazoushikilia, pamoja na kontena lenyewe. Kontena tupu la futi arobaini lina karibu tani nne. Miezi michache baada ya kanuni kuanza, mteja alinitumia uzito wa mzigo peke yake, nami nikauingiza kwenye mfumo kama ulivyo. Msimamizi wangu aliona. Akaniandikia mstari mmoja: "You might want to have another look at the weight on this one."

Ukiusoma mstari huo kwa Kiswahili, unasema: huenda ukapenda kuutazama tena uzito wa hili. Huenda. Ukipenda. Nilikuwa na makontena thelathini mezani. Nikamjibu "OK, thank you," nikaendelea na yaliyokuwa na haraka. Nilipokuja kurekebisha, muda wa kupokea uzito wa makontena ya meli ile ulikuwa umeshafungwa. Meli ikaondoka, kontena likabaki uwanjani wiki nzima likisubiri meli nyingine, na gharama za kuhifadhi zikaja ofisini kwetu.

Msimamizi aliniita. Hakupaza sauti. Alisema, "I did mention it. I'm a bit disappointed." Nikatoka nikiwa nimepumua, maana "a bit" kwangu ni kidogo. Yule mama wa Kipolandi akanitazama akasema: hapa huyo amekasirika sana. Nililala macho usiku huo, nikihesabu ni mara ngapi nimeambiwa jambo kwa upole nikaliacha lipite.

Asubuhi nilirudi kwake, nikabisha hodi. Nikamuuliza: ukiniambia "you might want to," unanishauri au unaniagiza? Alifikiri kidogo. Akasema, naagiza, siku zote. Halafu akasema jambo ambalo nimelishika mpaka leo: angefurahi kama ningemuuliza siku ileile.

Hapo ndipo nilipoligundua tatizo langu, na naamini ni lako pia, mwanangu. Lilikuwa kunyamaza. Sekondari tuliyosoma ilikuwa na kibao mlangoni kwa walimu, "No English, No Service." Usiyeweza kusema unageuka unaondoka na shida yako. Darasani ukichapia, wanacheka hadi kengele. Tukajifunza kuitikia "yes, madam" hata tusipoelewa, na tukaiita heshima. Mkubwa akishasema, nani anamwambia rudia? Nilibeba kimya hicho kutoka Dar mpaka huku Suffolk, ilipo Felixstowe, nikawa namwitikia "yes" kila mtu. Huku ukisema "yes" maana yake umeelewa na utafanya. Usipofanya hawasemi huyu lugha inamsumbua. Wanasema huyu haaminiki.

Kwa hiyo ukitaka kujifunza jambo la kwanza, jifunze kuuliza. "Sorry, do you mean today?" "Let me read that back to you." Sentensi hizo mbili zimenisaidia kuliko msamiati wote wa chuo.

Simu nayo ina mambo yake. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, na ya mwisho inakokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, kwa hiyo ukikosea herufi moja mara nyingi mfumo unakukatalia. Kwenye simu B na V ni pacha, M na N ni pacha, "fifteen" na "fifty" usiseme. Nilikariri yale maneno ya kutajia herufi, Alfa kwa A, Bravo kwa B, Charlie kwa C, mpaka mwisho, na tarakimu nazisema mojamoja. L na R nazo ziangalie. Wapo wengi wetu zinawachanganya bila kujijua. Kwenye kazi hii "collection" ni kwenda kuchukua mzigo na "correction" ni kurekebisha hati. Mtu akikusikia vibaya, lori haliji.

Na saa. Mwaka wa kwanza kichwa changu kilihesabu kwa Kiswahili. Nilipangiwa dereva saa "ten", nikasema moyoni saa nne, vidole vikaandika 04:00. Niliigundua kabla sijatuma. Angefika getini saa kumi alfajiri.

Sasa laki sita yako. Mwalimu anayekukosoa ana kwa ana ana thamani yake, simkatai. Lakini kwanza nenda ukakae darasani kwake siku moja bure. Ukikuta wanafunzi wanasema na yeye anasikiliza, fikiria. Ukikuta anaandika ubaoni nanyi mnanakili, ondoka. Hayo uliyapata sekondari. BBC Learning English na British Council wana masomo ya bure ya Kiingereza cha ofisini, unahitaji bando tu. Tafuta mwenzako mmoja asiyecheka mtu akichapia, mwandikiane barua pepe za mistari mitatu kila siku, kila mmoja amwulize mwenzake: nataka nini hapa?

Jumapili nipigie, saa mbili usiku ya huko. Ukishaniamkia tunahamia kwenye Kiingereza. Nitakusomea namba tano za kontena, haraka kama wanavyosoma madereva, na mstari ukikatika usiniitikie "yes." Nirudishe nyuma.