Crohn ikiamka, usijipime na jana

Sisi wenye Crohn, ugonjwa wa kudumu wa utumbo, hatuchelewi kumwona daktari kwa kutojua kwamba tunaumwa. Tunachelewa kwa sababu tumezoea. Mtu aliyeishi na tumbo hili miaka mingi anaweza kuamka usiku mara tatu kwenda chooni, asubuhi akaoga, akapanda daladala, akaingia kazini, na akiulizwa hali akajibu, "Namshukuru Mungu, leo nafuu." Anasema kweli. Jana aliamka mara nne.

Hapo ndipo penye hatari. Ugonjwa huu ukiamka, mara nyingi haumvamii mtu ghafla. Unapanda taratibu, na kila siku inafanana na iliyotangulia. Ukijipima na jana, utaona hakuna kilichobadilika mpaka siku unabebwa. Jipime na siku zako nzuri, zile ambazo ugonjwa ulikuwa umetulia. Ulikuwa unaenda choo mara ngapi kwa siku? Ulikuwa na kilo ngapi? Ulikuwa unalala usiku kucha? Andika majibu hayo leo, ukiwa na nafuu, kwenye daftari au kwenye simu. Mimi ninayo kwenye jalada la daftari langu la kliniki, na kila ninapohisi mabadiliko nalinganisha na hapo, hata kama akili inaniambia mambo si mabaya.

Kwa ambaye ndiyo kwanza kaambiwa jina hili: Crohn ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia njia ya chakula, utumbo unavimba na kutoka vidonda. Unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, lakini mahali unapopenda zaidi ni mwisho wa utumbo mdogo, chini kulia, ndiyo maana wengi huambiwa kwanza ni kidole tumbo. Jina limetoka kwa Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Hauambukizi. Hauna dawa ya kuumaliza, ila unatulizwa, na ukitulia mtu anaishi vizuri, anafanya kazi, anazaa, anasafiri. Kisha siku moja unaamka tena.

Na ukiamka kwetu huku, anayekuwa karibu si daktari. Ni duka la dawa la mtaani. Unaeleza unaharisha na tumbo linakata, na muuzaji kwa nia njema anakwambia, "Dada, hiyo amiba, chukua Flagyl." Ukirudi na maumivu unapewa diklofenaki. Nawasihi wenzangu, hiyo diklofenaki na ndugu zake kama ibuprofeni zinaweza kuuchochea ugonjwa wetu. Kwa maumivu madogo paracetamol ni salama zaidi. Dawa ya kufunga kuhara nayo usiitumie ukiwa na homa au damu kabla daktari hajasema, kwa sababu utumbo uliowaka sana ukifungwa unaweza kuvimba vibaya. Na antibayotiki ya kubahatisha, kama hiyo Flagyl, inaharibu jibu la kipimo cha choo, kipimo ambacho daktari anakihitaji. Maana mgonjwa wa Crohn naye anaweza kupata amiba au mdudu mwingine, na kwa kuhisi tu huwezi kutofautisha mdudu na ugonjwa ulioamka. Hata bingwa hawezi bila kupima.

Sasa, lini unampigia daktari, lini unakwenda hospitali usiku huohuo, na lini unasubiri?

Nianze na mambo ambayo hayasubiri kupambazuka. Maumivu makali yasiyoachia, tumbo likiwa gumu hata kuguswa huwezi. Damu nyingi, au choo cheusi kama lami. Kizunguzungu cha kutaka kuanguka, mdomo mkavu, mkojo hautoki au unatoka kidogo wenye rangi nzito, maana maji yameisha mwilini. Hapo usiandike ujumbe na kukaa kusubiri jibu. Nenda hospitali yenye dripu, vipimo na daktari wa upasuaji, na mtu wako akupigie simu kwa daktari wako mkiwa njiani.

Utumbo kuziba nauzungumzia peke yake, kwa sababu wengi huuchukulia kuwa nafuu. Vidonda vya Crohn vikipona mara kwa mara huacha makovu, na makovu yanabana njia. Siku njia ikiziba, kuhara kunakoma. Mtu anafurahi kwamba tumbo limetulia. Kumbe haliendi kabisa: linajaa, linavimba, maumivu yanakuja kwa mikupuo na kuachia, unasikia tumbo likinguruma kwa nguvu, hewa haitoki, choo hakitoki, kisha unaanza kutapika. Acha kula, usinywe dawa ya kulainisha choo, nenda hospitali. Wengine hupewa dripu na mpira wa puani, utumbo ukafunguka wenyewe. Wengine hufanyiwa upasuaji. Ukifika mapema, madaktari wanakuwa na nafasi ya kujaribu hiyo njia ya kwanza.

Homa ya nyuzi 38 na kuendelea ina uzito wake pia. Kwetu homa maana yake malaria, na kupima malaria ni sawa kabisa, pima. Lakini kwa mgonjwa wa Crohn homa inaweza kuwa jipu lililojificha ndani ya tumbo. Na kama unatumia azathioprini, kidonge cha kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe za damu zinazopambana na maradhi, kwa hiyo homa inahitaji kipimo cha damu kamili siku hiyohiyo. Hata malaria ikionekana, bado mjulishe daktari wako.

Walio kwenye prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, wanisikilize kwa makini. Steroidi zinaficha. Mtu anaweza kuwa na hali mbaya ndani ya tumbo huku homa ni ndogo na maumivu yanavumilika, kwa sababu dawa imeyafunika. Ukiwa kwenye steroidi, shusha kiwango chako cha subira. Usizikate ghafla ukiwa umezitumia kwa wiki kadhaa, kwani mwili unakuwa umeacha kutengeneza za kwake. Ukitapika kiasi kwamba kidonge hakikai, hiyo peke yake ni sababu ya kwenda hospitali. Na usirudie dozi ya zamani kwa sababu ilikusaidia mwaka jana. Daktari hutaka kwanza kuhakikisha hakuna jipu wala kifua kikuu.

Hicho kifua kikuu ni jambo letu hasa. TB ya utumbo hupenda mahali palepale panapopendwa na Crohn, na kwenye kamera inayoingizwa utumboni vidonda vyake vinafanana sana na vya Crohn. Sindano za kutuliza Crohn kama infliksimabu na adalimumabu zinaweza kuamsha TB iliyolala mwilini, ndiyo maana mtu hupimwa kabla ya kuanza. Ukiwa kwenye sindano hizo ukapata kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, na kukonda, piga simu hata kama tumbo limetulia kabisa.

Kuna mambo mengine yako mbali na tumbo na mtu hawezi kuyahusisha. Jicho jekundu linalouma na kuchukia mwanga ni la kuonwa siku hiyohiyo, si la kuwekea dawa ya matone ya dukani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika na kifua kuchoma, nenda hospitali haraka, kwa sababu Crohn ikiwa imeamka damu huganda kwa urahisi zaidi. Na kama umeanza azathioprini siku si nyingi ukapata maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, huenda kongosho limevimba. Daktari aambiwe kabla hujameza kidonge kinachofuata.

Halafu kuna lile la aibu. Uvimbe au usaha sehemu ya haja kubwa. Nimekutana na watu waliolificha hata kwa mke au mume, wanakaa upande mmoja wa kiti, wanajikanda na maji ya chumvi. Crohn hutoboa vijia hapo na kuacha majipu, na jipu halingoji mtu apate ujasiri. Huna haja ya maelezo marefu. Sema: "Daktari, nina uvimbe sehemu ya haja kubwa, unauma nikikaa." Inatosha. Unayo haki ya kuomba daktari wa jinsia yako, na daktari wa kazi hii anaona sehemu hizo kila siku.

Ukiyaondoa hayo, kunabaki eneo la katikati, na ndiko wengi wetu tunakoishi. Choo kimeongezeka kuliko siku zako nzuri, tumbo linauma baada ya kula, vidonda vya mdomo vimerudi, magoti yanauma, uchovu usioisha kwa kulala. Siku moja yenye sababu naivumilia: nimekula pilau la harusi, nimesafiri, nimebadilisha maji. Nakula chakula laini, nakunywa ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Ikifika siku ya pili haijarudi kawaida, namwandikia daktari. Ikiwa kuna damu ambayo haikuwepo, au usingizi unakatizwa na choo, sisubiri hiyo siku ya pili. Tumbo linalokuamsha usiku linastahili kuaminiwa kuliko la mchana. Chakula kibaya au mawazo vinaweza kulisumbua tumbo lako mchana, lakini likikutoa usingizini usiku baada ya usiku, mara nyingi ndani kunawaka.

Uzito nao unasema. Wifi yangu aliwahi kunisifia kwenye kitchen party, "Umepungua, umependeza!" Kesho yake nilipanda mzani, nikampelekea daktari namba. Mkanda ukihamia tundu jingine bila wewe kujinyima, hiyo ni taarifa ya kliniki. Kwa mtoto mwenye Crohn, sare ya shule ambayo haijambana mwaka mzima ina uzito uleule.

Ujumbe kwa daktari uwe mfupi na wenye namba. Hofu ya kuonekana msumbufu huwafanya watu waandike "Shikamoo daktari, tumbo linanisumbua kidogo", na daktari mwenye foleni ndefu hawezi kufanya lolote na neno kidogo. Andika namna hii:

"Shikamoo daktari. Mimi ni mgonjwa wako wa Crohn, natumia azathioprini miligramu 100 kwa siku, sijaruka dozi. Nikiwa salama naenda choo mara mbili. Tangu Jumamosi naenda mara saba, na usiku naamka mara mbili. Damu kidogo tangu jana. Homa hakuna, nimepima 37.2. Mkojo unatoka vizuri. Maumivu chini kulia, zaidi baada ya kula. Sijatumia dawa yoyote ya dukani. Nije lini, na nipime nini kabla?"

Anayesoma hapo anajua kama akuite leo, au akutumie ukapime choo, damu kamili na CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha kama ndani kunawaka, halafu uje na majibu. Ukiwa mjamzito, liweke hilo mstari wa kwanza, na usiache dawa zako kwa kuogopa kumdhuru mtoto kabla hujajibiwa. Ugonjwa ulioamka ni hatari kwake kuliko dawa nyingi tunazotumia, ingawa zipo chache, kama methotreksati, ambazo hazifai kabisa kwenye mimba. Ndiyo maana swali hilo ni la daktari, na kwa haraka.

Umbali nao ubadilishe hesabu yako. Wataalamu wa magonjwa ya tumbo wako kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando na KCMC, na mgonjwa yuko Newala au Sumbawanga. Mwenye bingwa wake umbali wa daladala moja anaweza kutazama hali hadi kesho jioni. Anayehitaji basi la usiku kucha na karatasi ya rufaa aanze kupiga simu kwa dalili ndogo zaidi, kwa sababu akisubiri ziwe kubwa, safari yenyewe hataiweza. Najua nauli na vipimo ni pesa, na bima hailipi kila kitu. Lakini simu ya mapema mara nyingi huishia kwenye kurekebishiwa dozi, na ya kuchelewa huishia kwenye kitanda cha wodini na pengine chumba cha upasuaji.

Usiku ukienda hospitali ya karibu, daktari wa zamu huenda hajawahi kumshika mgonjwa wa Crohn. Usimlaumu. Mpe bahasha ya karatasi zako: ripoti ya kamera, majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa utumboni kupimwa, majibu ya kipimo cha TB, orodha ya dawa na dozi, jina na simu ya bingwa wako. Picha za karatasi hizo ziwe pia kwenye simu ya mtu mwingine nyumbani, maana wewe huenda huna nguvu ya kuzitafuta.

Na kliniki yako ijayo, kabla hujainuka kwenye kiti, muulize daktari maswali haya na uandike majibu mbele yake: nikizidiwa nimpigie nani, wikendi anapokea nani, usiku niende hospitali ipi, na dawa ipi nisiiguse kabisa mpaka uniambie.